Mbwa wa Shamba na Nyama Mbichi: Somo kwa Kila Boma

Mbuzi akichinjwa nyumbani, mbwa huwa wa kwanza kufika. Huketi karibu na mti alipotundikwa mbuzi, na kabla ngozi haijamaliza kutoka, tayari kuna mtu amemrushia bandama au kipande cha pafu. Hakuna anayeona kosa katika jambo hilo. Mbwa amelinda zizi usiku kucha na mchana amefuata kundi malishoni. Ini lenye uvimbe, ambalo mama wa nyumbani hawezi kulitia katika sufuria, huonekana ndilo fungu lake.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kipande hicho kinaweza kurudi nyumbani baada ya miaka mingi kikiwa uvimbe katika ini la mtoto. Somo la toleo hili linaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na jinsi mbwa wa kazi anavyoweza kulishwa vizuri bila gharama kubwa.

Kwa nini mbwa hulishwa mbichi

Sababu ya kwanza ni gharama. Chakula cha mbwa cha dukani ni ghali kwa wakulima wengi, ilhali mabaki ya kuchinja hayalipiwi.

Sababu ya pili ni muda. Mfanyakazi wa shamba huamka alfajiri kukamua, kisha kuna majani ya kukata, maji ya kuteka na zizi la kusafisha. Kuwasha moto kwa ajili ya mbwa huonekana kama kazi ya ziada, na kumtupia nyama ni rahisi.

Sababu ya tatu ni imani. Wengi husema mbwa anayekula nyama mbichi huwa mkali na mwenye nguvu, na kwamba mbwa ni jamaa ya mbwa mwitu, kwa hivyo aliumbwa kula hivyo. Siku hizi hata mijini wapo wafugaji wa mbwa wanaomtengenezea mbwa mlo mbichi nyumbani kwa fikira hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba tumbo la mbwa linaweza kusaga nyama mbichi. Lakini ukali wa mbwa hutokana na uzao na malezi, wala hauletwi na damu ya nyama. La muhimu zaidi, anayeumia kwa nyama hiyo mara nyingi si mbwa. Mbwa anaweza kubeba maelfu ya minyoo tumboni na bado akawa mnene, mwepesi na mwenye manyoya yanayong'aa. Kwa sababu haonekani mgonjwa, mwenye boma hana habari kwamba kuna lolote.

Safari ya tegu mdogo

Mnyoo unaohusika zaidi ni tegu mdogo sana, wa urefu wa milimita chache tu, aishiye katika utumbo wa mbwa. Kitaalamu anaitwa Echinococcus granulosus, na ugonjwa anaouleta hujulikana kama haidatidi.

Tegu huyu hutaga mayai ambayo hutoka na kinyesi cha mbwa. Mayai hayaonekani kwa macho. Huanguka kwenye nyasi, bustani ya mboga na kingo za kisima, na mengine hubaki yameshikamana na manyoya ya mbwa mwenyewe. Mahali penye ubaridi na unyevu yanaweza kukaa hai kwa miezi mingi, lakini jua kali na ukavu huyaua.

Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia huyameza akiwa malishoni. Ndani ya mwili wake, yai huanguliwa na mdudu mchanga hupenya hadi kwenye ini au mapafu. Huko hujenga kifuko chenye maji ambacho hukua polepole. Mnyama huyo akichinjwa na mbwa akala ini au pafu lenye vifuko hivyo likiwa bichi, vijidudu vilivyomo hugeuka kuwa tegu wazima katika utumbo wake. Baada ya takriban wiki sita hadi saba, mbwa huanza kutoa mayai, na mzunguko huanza upya.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya, pale anapomeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Mtoto humkumbatia mbwa kisha akala mkate bila kunawa. Mfanyakazi hufunga mnyororo wa mbwa kisha akala chakula cha mchana shambani. Mboga zilizochumwa mahali mbwa hujisaidia huliwa bila kuoshwa vizuri.

Wengi hudhani mtu huambukizwa kwa kula nyama yenye vifuko hivyo. Sivyo. Vifuko humwambukiza mbwa, naye mbwa ndiye humwambukiza mtu. Kwa hiyo nyumba inayotupa ini lenye uvimbe kwa mbwa ikidhani imejikinga, kwa hakika imefungua mlango.

Dalili kwa binadamu

Kifuko cha haidatidi hukua pole pole, na mtu anaweza kukaa miaka kadhaa bila kuhisi chochote. Ndiyo sababu ugonjwa unaoambukizwa utotoni huweza kugunduliwa mtu akiwa mzima.

Kifuko kikiwa kwenye ini, mtu huhisi maumivu au uzito upande wa kulia wa tumbo chini ya mbavu, na wakati mwingine tumbo huvimba. Kikiwa kwenye mapafu, huleta kikohozi kisichoisha, maumivu ya kifua na kushindwa kupumua vizuri. Kikipasuka ndani ya mwili, mgonjwa anaweza kupata mshtuko mkali unaoweza kuua, na vijidudu vinaweza kusambaa na kuanzisha vifuko vingine.

Kwa sababu hiyo, uvimbe wa aina hii haupaswi kuchanjwa, kukandwa wala kutobolewa nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitalini, ambako kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti, kile kile wanachopimwa kina mama wajawazito, huweza kuuonyesha. Matibabu yapo. Kulingana na hali ya kifuko, madaktari huweza kutumia dawa ya albendazole kwa muda mrefu, kunyonya maji ya kifuko kwa sindano maalum, au kufanya upasuaji. Lakini yote hayo huchukua muda na fedha, ilhali kinga ni sufuria ya maji ya moto.

Hasara katika zizi

Haidatidi si hasara pekee. Kuna tegu mwingine ambaye mbwa humpata kwa kula kichwa kibichi cha kondoo au mbuzi. Mayai yake yakimezwa na kondoo, kifuko hukua kwenye ubongo, na mnyama huanza kuzunguka mahali pamoja, kuinamisha kichwa upande mmoja na kujigonga kwenye ua. Mfugaji anayetupa kichwa kwa mbwa leo anaweza kuona kondoo wake wakizunguka miezi ijayo.

Kwa wenye ng'ombe wa maziwa, jambo la kuangalia ni kondo la nyuma na ndama aliyetoka kabla ya wakati. Mbwa akila vitu hivyo vikiwa vibichi anaweza kuambukizwa kijidudu kiitwacho Neospora, kisha akakieneza kwenye malisho kwa kinyesi chake na kusababisha ng'ombe wengine kuharibu mimba. Anayeshika kondo la nyuma naye avae glavu, kwa kuwa ugonjwa wa brusela huambukiza binadamu kwa njia hiyo.

Funzo kutoka Turkana na kwingineko

Kenya inaufahamu ugonjwa huu vyema. Eneo la Turkana lilijulikana duniani kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi na haidatidi kwa binadamu. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mradi wa kuudhibiti kaskazini magharibi mwa Turkana. Watu walipimwa vijijini kwa mashine za picha zinazobebeka, wagonjwa wakatibiwa, mbwa wakapewa dawa ya minyoo, na jamii zikafundishwa kuhusu mabaki ya kuchinja.

Nje ya nchi, kisiwa cha Iceland kiliwahi kuwa na wagonjwa wengi mno. Katika miaka ya 1860 kilisambaziwa kijitabu cha bure kilichoeleza namna mbwa anavyoambukizwa na matumbo ya kondoo. Familia zilikisoma, zikaanza kuzika na kuchoma mabaki, na kwa muda ugonjwa ukatoweka. New Zealand, nchi ya kondoo na mbwa wa kuchunga, ilitumia miongo mingi kupiga vita desturi ya kulisha mbwa matumbo mabichi, na mwaka 2002 ikatangaza kwamba imeudhibiti. Hata leo wafugaji wa huko hushauriwa kupika nyama ya kondoo ya mbwa, au kuigandisha kwenye friza kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10.

Nchi hizo hazikufukuza mbwa wake wa kazi. Zilibadilisha kilichowekwa katika bakuli.

Jinsi ya kupika chakula cha mbwa

Kazi hii haihitaji jiko la pili. Moto unaobaki baada ya chai ya asubuhi au chakula cha jioni unatosha, na sufuria moja kuukuu itengwe kwa ajili ya mbwa pekee.

Kwanza, viungo vichunguzwe. Ini au pafu lenye vifuko vya maji lisipikwe, liende shimoni. Viungo visivyo na kasoro vikatwe vipande vidogo ili joto lifike ndani.

Pili, maji yakishachemka, nyama ichemke kwa angalau nusu saa. Kubabua juu ya makaa hakutoshi, kwa kuwa nje huungua na ndani hubaki mbichi.

Tatu, mchuzi huo upikiwe unga wa mahindi au mchele. Kipimo rahisi ni sehemu mbili za ugali au wali kwa sehemu moja ya nyama, omena au maharagwe yaliyoiva, pamoja na mboga kidogo kama karoti, malenge au sukuma wiki. Omena hufaa sana kwa sababu mifupa yake laini humpa mbwa madini. Mbwa wa kilo 20 anayefanya kazi huhitaji takriban kilo moja ya chakula kilichopikwa kwa siku, akigawiwa asubuhi na jioni. Akianza kukonda aongezwe, akinenepa apunguziwe. Maji safi yawepo wakati wote.

Vitunguu visitiwe, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa, na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa huvunjika kuwa ncha kali na inaweza kutoboa utumbo. Mahindi yaliyoota kuvu yasipewe mbwa kwa hoja kwamba hayamfai mtu. Sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 humuua mbwa pia.

Dawa, shimo na sabuni

Kupika pekee hakutoshi ikiwa mbwa tayari ana tegu. Dawa inayowaua ni praziquantel, na hupatikana katika maduka ya agroveti. Kwa vidonge vingi, kipimo ni kidonge kimoja kwa kila kilo 10 za uzito, lakini maandishi kwenye pakiti yafuatwe na afisa wa mifugo aulizwe. Si kila dawa ya minyoo inaua tegu, kwa hiyo jina la dawa lisomwe kabla ya kununua. Pale ambapo mbwa huweza kufikia mabaki ya kuchinja, dawa hurudiwa kila baada ya wiki sita, kabla tegu wapya hawajaanza kutaga.

Dawa huua tegu lakini haiui mayai. Mbwa akishameza, afungwe kwa siku mbili, na kinyesi chake kikusanywe na kuchomwa au kufukiwa.

Kila boma linalochinja linahitaji shimo lenye kina cha mita moja au zaidi, lenye kifuniko kizito kisichofukuliwa na mbwa. Penye miamba, mabaki yachomwe hadi yawe majivu. Mizoga ya malishoni isiachwe, kwa sababu mbwa wa jirani wataifikia hata kama wa nyumbani amefungwa. Inapowezekana, mnyama achinjiwe kichinjioni, ambako mkaguzi wa nyama huondoa viungo vyenye ugonjwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356.

Nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula. Bustani ya mboga iwekewe ua, na vyombo vya watu visilambwe na mbwa.

Wajibu ni wa nani

Katika mashamba mengi, anayemlisha mbwa ni mfanyakazi, na watoto wake ndio wanaocheza naye. Hatari huanza kwake, lakini uwezo wa kununua unga, dawa na sabuni uko kwa mwenye shamba. Si haki kumlaumu mfanyakazi kwa kutupa matumbo mabichi ikiwa hajaachiwa kitu kingine cha kumpa mbwa. Chakula cha mbwa kihesabiwe katika matumizi ya shamba kama vile dawa ya kuogesha ng'ombe na chumvi ya mifugo.

Ya kukumbuka

- Mbwa asipewe ini, pafu, bandama wala kichwa kibichi, hata siku ya sherehe.
- Viungo vyenye vifuko vizikwe au vichomwe.
- Nyama ya mbwa ichemke kwa angalau nusu saa.
- Dawa ya tegu itolewe kwa ratiba, na siku za dawa ziandikwe.
- Kila mbwa achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa.
- Mwenye uvimbe tumboni au kikohozi kisichoisha aende hospitalini, na amweleze daktari kwamba anaishi na mbwa na mifugo.

Wakaazi wanaohitaji ushauri zaidi wanaweza kumwona afisa wa mifugo wa wadi yao au mhudumu wa afya ya jamii. Siku nyingine mbuzi akitundikwa mtini na mbwa akaketi akisubiri, asifukuzwe. Asubirishwe tu hadi sufuria ichemke.