NYASI KIJANI SI NYASI TAYARI

Toka mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo wengi walikufa huku kwetu Habaswein na Wajir nzima. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zikanyesha, nchi ikawa kijani. Je, mfugaji apeleke ng'ombe mara moja?

La! Ukame, kama vile moto, humaliza majani, lakini mizizi ya nyasi za kudumu yaweza kubaki hai. Machipukizi ya kwanza hutoka kwa akiba iliyo mizizini. Yakiliwa yote tena na tena, akiba huisha na mzizi hufa. Nyasi za msimu nazo zikiliwa kabla ya kutoa mbegu, msimu ujao hazioti. Udongo hubaki uchi, upepo ukaubeba.

Basi tufanye nini?

1. Ngamia na mbuzi watangulie, maana hupenda majani ya miti na vichaka. Ng'ombe na kondoo, ambao hula nyasi hasa, wangoje mbegu zianguke.

2. Malisho ya kiangazi yaachwe wakati wa mvua. Kisima kilicho karibu nayo kifungwe, kwani mifugo hufuata maji.

Mtu atasema, "Mimi nikingoja, mwenzangu atamaliza." Ni kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Malisho ni ya wote, kwa hivyo kungoja pia kuwe kwa wote. Wazee wakubaliane mapema, pamoja na majirani wanaohamia kutoka Garissa na Isiolo. Mvumilivu hula mbivu.