Laana ya Ukoo Ilianza Mwaka Gani?

"Yaya, nikiacha kuamini kwamba nimefungwa, si nitakuwa nimemwacha Mungu?"

Swali hili limenijia kutoka kwa dada mmoja wa Katuba, mwenye umri wa miaka 31, anayeuza samaki wa barafu katika soko la Kenya. (Msomaji wa mbali usishtuke: Kenya ni komini ya Lubumbashi, huhitaji pasipoti kufika; na "yaya" kwetu ni kaka au dada mkubwa.) Nimebadilisha vitu viwili vitatu katika barua yake ili majirani wasimtambue. Ameniruhusu nimjibu hapa, mbele ya watu, kwa sababu anajua kuna wengine wengi wenye barua kama hiyo kifuani ambao hawajaiandika.

Kwa kifupi anasema hivi. Hajaolewa, na anaogopa hatazaa. Wanaume wawili walikuja, wakaongea vizuri na wazee, wakapotea. Biashara inapanda kidogo kisha inaanguka. Shangazi alimwambia tangu zamani kwamba kambo, yaani babu, wa upande wa baba aliwatamkia maneno mabaya, na tangu hapo ukoo mzima umefungwa. Amezunguka vyumba vya maombi vinne. Kila mahali wamethibitisha: ndiyo, kuna kifungo. Kila mahali ameacha bahasha. Sasa amechoka, anatamani kulala usiku mmoja bila kuogopa, lakini anahisi kwamba kulitilia shaka neno la pasta ni kumkufuru aliyemtuma.

Halafu, karibu na mwisho wa barua, katika mistari miwili tu, anaandika kwamba pasta wa nne amesema aliyefunga njia yake ni "mtoto mdogo aliye ndani ya nyumba". Ndani ya nyumba kuna mtoto mmoja tu: binti wa marehemu dada yake, ana miaka minane, anakojoa kitandani na kuongea usingizini.

Mdogo wangu, mistari hiyo miwili ulipaswa kuanza nayo, nami nitaanza nayo.

Mtoto huyo asipelekwe kwenye maombi yoyote. Asinyimwe chakula eti anafungishwa, asilazwe jikoni, asiulizwe usiku "unakwendaga wapi". Aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo akakojoa kitandani ni mtoto mwenye huzuni. Mpeleke kituo cha afya, na usiku mwamshe mara moja aende msalani. Mjini kwetu tunajua njia hii inaishia wapi, kwa sababu tunapishana nao kila siku: watoto wanaolala nje ya maduka, na wengi wao ukiwauliza watakuambia nyumbani waliitwa wachawi. Wasalesiani wa Don Bosco wana nyumba yao ya Bakanja hapa Lubumbashi inayopokea watoto wa barabarani. Mtoto wenu asifike huko wakati ana mama mdogo na nyanya walio hai.

Kama kuna mtu nyumbani anayeona hayo ni maneno ya huruma tu, mpe na sheria. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ibara ya 160, inampa anayemshitaki mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, na faini juu yake. Haisemi "isipokuwa pasta".

Sasa nirudi kwako na imani yako, na nitachukua muda hapa.

Umeandika, kama unapita tu, kwamba baba yako alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi, na kwamba "mambo yaliharibika tulipohama". Nimehesabu miaka yako. Ulikuwa shule ya msingi mwaka 2003. Unakumbuka, au pengine ulikuwa mdogo mno kuelewa, kilichotokea mwaka ule? Kampuni ilikuwa imekaa miezi mingi bila kulipa mishahara. Kwa msaada wa Benki ya Dunia ukaletwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka, kila mmoja na pesa yake mkononi mara moja, kisha basi. Hiari gani kwa mtu asiyelipwa? Hawa walikuwa watu waliokua wakiambiwa kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Tangu enzi za Union Minière, mtangulizi wa Gécamines, kampuni ilitoa nyumba, ikatoa posho ya unga, ikatoa hospitali, ikatoa shule. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima kuhusu jamaa hizo, akawaita watoto wa Shaba (jina la zamani la Katanga) walioachwa na baba yao.

Basi niulize kwa heshima ya shangazi yako: ni laana gani ya ukoo inayoingia katika nyumba elfu kumi mwaka mmoja? Kambo wako alikuwa na nguvu kiasi hicho? Awafunge Likasi, awafunge Kolwezi, awafunge na Waluba na Wabemba na Wasanga asiowajua hata kwa jina?

Sikudhihaki. Laana ni maelezo, na mtu aliyeumia anahitaji maelezo. Baba aliporudi nyumbani bila kazi, pesa ikaisha, watoto wakatolewa shule, hakuna mkurugenzi aliyekuja Katuba kueleza. Shangazi alieleza. Alitumia alichokuwa nacho. Maelezo yake yalikuwa na faida moja kubwa: yalimwondolea baba yako aibu. Hakushindwa yeye, alifungwa. Ndiyo maana nyumba nzima iliyashika, na ndiyo maana hutayang'oa kwa kujisemea tu kila asubuhi "siamini tena, siamini tena". Imani iliyoingia kwa kumhurumia mtu haitoki kwa ubishi.

Itatoka vipi, basi? Hapa Katanga tuna mfano wetu, na unanishangaza kila nikiufikiria, kwa sababu wa kwanza kubadilika alikuwa mwalimu mwenyewe.

Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Alieleza baadaye kwamba miaka ya mwanzo alikuwa kama wenzake: yeye ndiye anayejua, watu weusi ni wa kufundishwa. Mahubiri hayakushika. Akaanza kuuliza badala ya kuhubiri: nyinyi mnatamani nini hasa? Aliyosikia yakamgeuza. Mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu kikachapishwa hapa hapa mjini, enzi Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, nacho kikamletea matata na wakubwa wa Kanisa. Wasomi wa Kiafrika nao walikuja kukikosoa vikali, na wana hoja: kumweleza Mwafrika kwa niaba yake ni tabia ya kikoloni hata ikifanywa kwa upendo. Lakini kinachonigusa ni kilichofuata, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa na wafanyakazi wa mgodi karibu na Kolwezi. Hao ndio waliokuja kuitwa Jamaa.

Mafundisho yao yalikuwa kwa Kiswahili na yalizunguka mambo matatu ambayo kila mtu anayatamani: uzima, uzazi, mapendo. Hawakuwa na haja ya kumtafuta adui. Waliulizana kuhusu mawazo: wewe na mwenzako wa nyumbani, mawazo yenu yamekutana? Mume hakufundishwa peke yake akaenda kumwamrisha mke. Walikuja wote wawili, na ugomvi uliokuwa ukifichwa ukasemwa. Aliyekuingiza katika njia akawa baba yako na mama yako, nawe ukawa mtoto wao, hata kama mnalingana umri. Johannes Fabian, mtafiti aliyeishi karibu nao miaka ya 1960, aliandika haya kwa undani.

Tazama hilo la uzazi, mdogo wangu, kwa sababu barua yako imejaa hofu ya kutozaa. Kwa watu wa Jamaa, kumzalisha mwenzako mawazo mapya, kumfanya mtu aliyekuwa amekufa moyo awe hai tena, nako kuliitwa kuzaa. Umemlea mtoto wa dada yako tangu mama yake afariki. Nani amekuambia huna uzazi?

Nisiwapambe kupita kiasi. Jamaa ilikuwa ya watu walio katika ndoa. Binti kama wewe angebaki mlangoni. Baadaye vikundi vingine vilitoka katika njia hiyo vikaingia katika mambo ya ndoto na siri, mpaka maaskofu wakaingilia kati. Njia yoyote ya moyo yaweza kugeuka kifungo kingine, pamoja na hii ninayokushauri mimi. Lakini nimechukua kutoka kwao kipimo kimoja ambacho sijaona kikinidanganya: imani hii inanifanya nikaeje na watu wa nyumba yangu? Imani ya kifungo imekufanya umwogope kambo aliyekufa, umkwepe shangazi, umnunie baba, na sasa umtazame mtoto wa miaka minane kama mwizi. Hiyo ndiyo hesabu yake. Huhitaji shahada ya teolojia kuisoma.

Kwa hiyo, kuhusu Mungu: hujaombwa umwache. Mimi Jumapili sikosi misa, na sitaki uache kusali hata siku moja. Ninachotaka ubadilishe ni maneno ya sala. Unaniambia asubuhi kabla ya kwenda sokoni unasali nusu saa, na nusu saa yote ni kuvunja, kuchoma, kurudisha mishale. Unamaliza ukiwa umewataja wachawi mara nyingi kuliko ulivyomtaja Mungu! Jaribu sala fupi. Taja jina la mtoto, taja jina la baba, omba wateja wenye deni walipe, shukuru, ondoka. Wiki ya kwanza utahisi umetoka nyumbani bila nguo. Ni kawaida, hofu uliyoizoea miaka ikiondoka, mahali pake panabaki baridi.

Kisha kaa na baba. Usimwendee na hoja. Mngoje jioni, mama akiwa bado hajarudi, mbabula ikiwa imeshika moto, muulize tu: baba, siku ile mliyolipwa ya mwisho ilikuwaje? Mliambiwa nini? Mlipanga kufanya nini na ile pesa? Kisha nyamaza. Akikataa siku hiyo, muulize wiki nyingine. Mzee aliyebeba jambo hilo zaidi ya miaka ishirini hatalifungua kwa kikombe kimoja cha chai. Lakini wengi wao, wakianza, hawanyamazi. Mimi nadhani, na nasema nadhani, kwamba siku utakayosikia hadithi ya nyumba yenu kutoka kwa aliyeibeba, ile ya shangazi itapungua uzito yenyewe bila mtu kuisukuma.

Chukua na daftari la biashara. Andika bei uliyonunulia katoni, usafiri, barafu, waliokopa. Andika pia bahasha za pasta, kwa kalamu ile ile. Sikuambii utakuta nini. Ila kwa maelezo yako, biashara "inaanguka" kila mara baada ya majuma ya maombi, wakati soko hulioni siku tatu na samaki wanayeyuka. Na wale wanaume wawili? Hapo sina jibu. Wanaume hupotea kwa sababu nyingi, mahari ikiwamo, na wengine tunawashukuru kwa kupotea.

Mama yako hatabadilika pamoja nawe, jiandae kwa hilo. Siku utakapoibiwa sokoni atakutazama kwa jicho la "si nilikuambia", na wazo la zamani litarudi kwako lote zima kana kwamba halijawahi kuondoka. Likirudi, usilipige vita. Lipe jina lake, "huyu ni shangazi anaongea", endelea kupanga samaki. Mama asali anavyosali. Mpaka wako na yeye ni mmoja tu, nao hauna mazungumzo: mtoto haguswi. Akienda kwa pasta na mtoto, unakwenda kwa mkuu wa mtaa, na mwambie hivyo mapema, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnasonga bukari, wala si siku ya ugomvi.

Umeniuliza pia, chini kabisa ya barua, ufanye nini na chupa ya mafuta ya upako iliyobaki nusu, maana unaogopa kuitupa. Usiitupe. Mpe mama aiweke kabatini kwake. Yeye ana haja nayo, na wewe na mtoto mnahitaji kile chumba kisicho na harufu yake ili mlale.