Hofu Kabla ya Upasuaji: Chanzo Chake na Namna ya Kuikabili

Katika machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, mkoani Geita, kijana hushuka kila siku ndani ya duara lenye kina cha makumi ya mita, tochi kichwani na kamba mkononi, wala hatetemeki. Lakini mwamba ukimwangukia na kumvunja paja, kisha akaambiwa hospitalini kwamba kesho atapasuliwa, kijana yuyo huyo hukesha usiku kucha akihesabu mabati ya paa. Wako wanaotoroka wodini alfajiri na kwenda kwa waganga wa kuunga mifupa. Wakirejea baada ya majuma kadhaa, mfupa umekwisha kuunga vibaya, au kidonda kimeoza na mguu hauwezi tena kuokolewa.

Kwa nini mtu asiyeogopa shimo aogope kitanda? Tukilichunguza jambo hili tutaona kwamba ndani ya duara mchimbaji anayo maarifa. Anaijua miti ya matimba iliyoshikilia kuta, anaujua mlio wa mwamba unaotaka kuachia, na wenzake wako juu wameishika kamba. Katika chumba cha upasuaji hana maarifa hayo hata kidogo. Amevuliwa nguo zake, amezungukwa na watu waliofunika nyuso, na anatakiwa aache fahamu zake mikononi mwao. Tishio lisilofahamika, ambalo mtu hana uwezo wa kulitawala, ndilo linaloamsha hofu kubwa kuliko yote.

Mwili huitikia hofu hiyo kwa njia inayojulikana vema. Ubongo ukishatambua tishio, hupeleka ujumbe kwa neva hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu, viganja hutoka jasho na kinywa hukauka. Utaratibu huu ulimfaa babu yetu aliyekutana na simba porini, kwa kuwa ulimpa nguvu za kupigana au kukimbia. Mgonjwa aliyelala chali hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Aidha, watafiti wameona kwamba wagonjwa wenye hofu nyingi huelekea kuhitaji dawa zaidi ili walale, na kwamba maumivu yao baada ya upasuaji huwa makali zaidi. Kwa hiyo hofu si jambo la moyoni tu. Mganga hana budi kuihesabu kama anavyohesabu joto la mwili.

Walimu wa Biolojia wanaweza kulionyesha jambo hili darasani bila chombo chochote isipokuwa saa yenye mshale wa sekunde. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa sekunde 30, kisha azidishe kwa 2. Halafu mwalimu atangaze kwamba baada ya dakika moja ataita majina ya watakaokuja ubaoni kufanya hesabu ngumu. Mapigo yahesabiwe tena. Mwisho, wanafunzi wakae kimya kwa dakika 5, wakivuta pumzi polepole kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kisha wahesabu mara ya tatu. Kwa wengi idadi itashuka. Sababu yake ni kwamba pumzi inapotolewa polepole, neva ya vagasi, ambayo ni kama breki ya moyo, hufanya kazi zaidi. (Mwalimu asisahau kuwaambia mwishoni kwamba hesabu hizo ngumu hazikuwapo.) Zoezi hilo hilo laweza kufanywa na mgonjwa kitandani asubuhi ya upasuaji.

Sehemu ya hofu hii hutokana na maneno tunayotumia. Usingizi wa dawa huitwa nusukaputi, jina ambalo wengi hulihusisha na neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika kabisa. Mtu akiambiwa kwamba atapigwa nusukaputi, haishangazi akidhani kwamba anauawa nusu na kwamba nusu iliyobaki ni ya bahati. Mwandishi wa makala haya angependelea waganga waseme tu dawa ya usingizi, ingawa hata jina hilo lina kasoro, maana usingizi wa kawaida ukitikiswa huisha.

Yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa kabla ya dawa hizo kuenea. Mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo imo Uganda, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mpasuaji wa Kinyoro alimnywesha mama yule pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, akaitumia pombe hiyo hiyo kuosha mikono yake na tumbo la mgonjwa, na watu wakamshika. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Siku 11 baadaye kidonda kilikuwa kimepona. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884, na hadi leo madaktari huyasoma kwa mshangao, kwa sababu ustadi ule ulikuwa wa hali ya juu. Lakini kilichokosekana ni kile kilichokuwa kimeonyeshwa hadharani huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, pale William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha, naye akakatwa uvimbe wa shingoni pasipo kupiga kelele.

Tangu siku hiyo njia zimeongezeka, na mgonjwa anapaswa kuambiwa ni ipi itakayotumika kwake. Ganzi ya mahali pamoja hutosha kwa jipu au jeraha dogo. Ganzi ya uti wa mgongo hutumika sana kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Mama huyo hubaki macho, husikia sauti ya mtoto wake, na huhisi kuvutwa-vutwa tumboni pasipo maumivu. Asipoonywa mapema, kule kuvutwa humtia hofu kwamba ganzi imekwisha, na miguu isiyotii humfanya aamini kwamba amepooza. Nguvu za miguu hurudi baada ya saa chache.

Huenea pia maneno kwamba sindano hiyo huharibu mgongo kwa maisha yote. Maumivu ya mgongo huwapata wanawake wengi baada ya ujauzito, waliochomwa na wasiochomwa. Linalojulikana kwa hakika ni maumivu ya kichwa, yanayotokana na majimaji ya uti wa mgongo kuvuja. August Bier wa Ujerumani, aliyeianzisha njia hiyo mwaka 1898, alijaribiwa sindano hiyo yeye mwenyewe, akaumwa kichwa kwa siku kadhaa. Sindano za siku hizi ni nyembamba zaidi, na tatizo hilo limepungua sana.

Katika hospitali za wilaya hutumika mara nyingi ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens. Sifa yake ni kwamba kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, na shinikizo la damu haliporomoki, jambo lenye manufaa makubwa mahali ambapo umeme hukatika. Kasoro yake ni ndoto. Mgonjwa aweza kujiona akielea, au kuzungumza na jamaa waliokwisha kufa, na katika jamii inayoheshimu ndoto za mizimu jambo hilo si dogo. Mganga wa usingizi mwenye busara humwambia mapema kwamba ndoto hizo ni kazi ya dawa, na humshauri alale huku akiwaza jambo analolipenda. Wako pia wagonjwa wanaoogopa kutoboa siri wakiwa usingizini. Aliye katika usingizi mzito hasemi kitu. Anapozinduka aweza kubwabwaja maneno machache, ambayo wauguzi wameyazoea.

Je, maelezo kama haya hupunguza hofu kweli? Jibu lilipatikana Boston mwaka 1964. Daktari Lawrence Egbert na wenzake waligawa wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo katika makundi mawili. Kundi moja lilielezwa waziwazi na mganga wa usingizi kwamba wataona maumivu, ni mahali gani, kwa nini, na namna ya kujigeuza na kupumua ili yapungue. Kundi la pili halikuelezwa hayo. Walioelezwa walihitaji karibu nusu tu ya dawa za maumivu, na waliruhusiwa kwenda nyumbani takriban siku 3 mapema. Wapasuaji waliowaruhusu hawakujua ni nani aliyeelezwa na nani hakuelezwa. Hata hivyo kipimo kilichotungwa Uholanzi mwaka 1996, chenye maswali 6, kinatenganisha kiasi cha hofu na kiasi cha hamu ya kujua, kwa kuwa wapo wasiotaka kusikia habari za kisu. Mgonjwa wa namna hiyo asilazimishwe.

Hapa Usukumani mazungumzo hayo yaweza kuanza kwa salamu tu. Muuguzi akisema, “Mwangaluka, mayu,” bibi kizee aliyejikunyata kitandani hufumbua macho. “Kesho nitakuwa kando yako. Utachomwa sindano ndogo mkononi, utaona kizunguzungu, kisha utalala. Mtu wa usingizi hataondoka kichwani pako hadi uamke. Una swali gani, mayu?” Aghalabu swali huwa moja: “Nisipoamka?”

Swali hilo lijibiwe kwa ukweli. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliohusu wagonjwa 11,422 katika nchi 25 za Afrika, ulionyesha kwamba wagonjwa wapatao 2 kwa kila 100 walifariki, kiasi ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia. Lakini vifo vilivyo vingi sana havikutokea siku ya upasuaji. Vilitokea siku zilizofuata, wodini. Maana yake ni kwamba ndugu waliokesha kwa maombi usiku wa kwanza wasiende zao mgonjwa akishaamka. Wao ndio watakaoona kwanza homa, kidonda kinachovuja au pumzi za haraka, nao wamwite muuguzi bila kuona haya.

Mgonjwa hushangaa pia anapoulizwa jina lake na upande unaoumwa mara tatu au nne, akadhani hawamjui. Hiyo ni orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara hapa Tanzania. Katika jumla ya hospitali hizo vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Tumbo liwe tupu, kwa kuwa aliyelala kwa dawa hawezi kukohoa, na chakula kikipanda kooni huingia mapafuni. Daktari Curtis Mendelson wa New York alilieleza jambo hilo mwaka 1946. Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2, isipokuwa mganga akiagiza vingine. Shangazi anayepenyeza michembe au uji chini ya khanga hufanya hivyo kwa huruma, lakini anamhatarisha mgonjwa. Dawa za mitishamba, gongo, bangi na sigara zitajwe bila kuficha, kwani muulizaji si askari. Mchimbaji aseme pia miaka aliyovuta vumbi la mawe, na kama aliwahi kuugua kifua kikuu, ili mapafu yake yapimwe kwanza.

Maswali ya kujadili darasani: Mapigo ya moyo ya darasa lenu yalibadilika kwa kiasi gani katika vipimo vitatu, na ni nani ambaye yake hayakubadilika? Kwa nini ilikuwa muhimu katika utafiti wa Boston kwamba wapasuaji wasijue wagonjwa walioelezwa? Mjomba wako amekataa kutia sahihi ya kukubali upasuaji wa mguu wake: ungemuuliza nini kabla ya kumweleza lolote?