SOMO LA AFYA: MATIBABU YAMEKWISHA, KLINIKI HAIJAISHA



Leo tunajifunza juu ya kansa ya ovari, yaani kansa ya vifuko vya mayai vilivyo tumboni mwa mwanamke. Hatutazungumza juu ya matibabu yenyewe, bali juu ya yale yanayofuata, kwani hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambayo leo yamo katika Wilaya ya Isingiro. Amepasuliwa, amemaliza dripu za dawa, na nywele zimeanza kuota tena. Ameambiwa arudi Mbarara baada ya miezi 3. Anahesabu nauli ya boda-boda na ya taksi, anahesabu kibarua cha siku hiyo, kisha anasema: "Siumwi. Niende kufanya nini?"

Ndugu, swali lake si la kijinga. Jibu ni kwamba kansa hii ina tabia ya kurudi, hasa kwa mtu aliyegunduliwa ikiwa imekwisha enea, na mara nyingi hurudi katika miaka 2 ya mwanzo.

Ratiba ya kawaida

Mwaka wa 1 na wa 2: kila miezi 3.
Mwaka wa 3 hadi wa 5: kila miezi 6.
Baada ya hapo: mara moja kwa mwaka.

Daktari anaweza kuzisogeza karibu tarehe hizi kwa mgonjwa fulani. Lakini tufanye hesabu: mara 8 katika miaka 2, na mara 6 katika miaka 3 inayofuata. Jumla ni safari 14 katika miaka 5. Mwajiri anayesema kwamba mfanyakazi huyu "kila siku yuko hospitali" aonyeshwe hesabu hiyo.

Kinachofanyika kliniki

Kwanza, mgonjwa huulizwa hali yake. Pili, hupimwa tumbo, kifua, matezi na nyonga. Tatu, anaweza kupimwa damu kwa kipimo kiitwacho CA-125. Picha za mashine hupigwa zaidi pale penye dalili.

Kipimo hicho cha damu kisitutie hofu bure. Huweza kupanda kwa sababu nyingine, kama kifua kikuu au mimba. Tena, mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wanawake 529, wa Uingereza na nchi nyingine. Walioanzishiwa dawa mapema kwa sababu ya damu peke yake hawakuishi muda mrefu kuliko waliosubiri dalili. Kwa hiyo asiyeweza kulipia kipimo hicho asikate tamaa, wala asiache kwenda kliniki. Daktari amsikilize na kumpima mwili.

Dalili za kutosubiri tarehe

Tumbo kujaa au kuvimba, kushiba kwa chakula kidogo, maumivu ya tumbo au nyonga, kukojoa mara kwa mara, choo kubadilika, kukonda, kutokwa damu ukeni. Mojawapo ikiendelea, nenda kituo cha afya cha makazi uombe barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Ukitapika bila kupata choo, au ukipumua kwa shida, nenda siku hiyo hiyo.

Tunza karatasi zako zote: ya upasuaji, ya majina ya dawa, ya matokeo ya maabara. Ukihamishwa makazi au ukipelekwa Taasisi ya Kansa ya Uganda huko Mulago, Kampala, daktari mpya ataanzia hapo. Waambie pia binti na dada zako, maana baadhi ya kansa hizi hufuata ukoo.

Kazi ya tawi

Dawa za kansa huweza kuacha ganzi mikononi na miguuni kwa miezi mingi. Anayeshika jembe au kuendesha mashine aombewe kazi nyepesi, asiitwe mvivu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyemaliza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini ugonjwa ukipita mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Ndiyo maana siku za kliniki zipatanwe mapema, kwa maandishi. Na yule wa kibarua, ambaye hana mkataba, ana nani? Ana wenzake: mmoja amshikie zamu, mwingine amlindie watoto, na mfuko wa tawi umsaidie nauli.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika tawi letu, nani amekwisha maliza matibabu na hajarudi kliniki? Ni nini kinachomzuia?
2. Nauli ya safari 14 ni shilingi ngapi? Kila mwanachama akitoa kidogo, itatosha?
3. Tutamwendeaje mwajiri bila kutangaza siri ya mgonjwa?