SOMO: Karatasi ya Maua Katika Kitabu cha Kumbukumbu



Kitabu cha kumbukumbu si jambo geni. Huko Uganda, akina mama wa NACWOLA, chama kilichoanzishwa mwaka 1992 na wanawake wenye virusi vya Ukimwi, waliwaandikia watoto wao habari za ukoo na kuweka picha, ili mtoto ajue alikotoka hata mzazi akiondoka. Siku hizi dawa zipo na wazazi wengi wanaishi, lakini watoto bado wanauliza. Hapa Kangemi, Kawangware na Uthiru kazi hii inaweza kufanywa kwa kompyuta, pale saibo. Hapo ndipo inapoingia karatasi ya maua.

Kwenye kompyuta karatasi hii haishikiki. Ni picha ya marembo inayotandazwa chini ya ukurasa, halafu picha za watu na maneno huwekwa juu yake, kama kitambaa cha meza kabla ya kupanga vikombe.

Nyanya mmoja wa Kangemi anayelea wajukuu wanne alikuwa na picha moja tu ya binti yake marehemu, ile ndogo ya kitambulisho. Kijana wa saibo, kwa nia njema, akatandaza waridi jekundu ukurasa mzima. Ulipochapwa, mjukuu wa mwisho, ambaye hamkumbuki mama yake, akauliza: "Shosho, mama ako wapi hapa?" Kila ua lilikuwa kubwa kuliko uso.

Sasa tazameni leso. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani yale maneno. Kila kitu kina mahali pake. Ukurasa wenu upangwe vivyo hivyo: marembo yawe pindo, picha iwe mji, maneno yawe jina. Mkitaka marembo yaenee kote, mwambieni kijana ayafifishe mpaka yaonekane kwa mbali tu, kisha aweke kipande cheupe chini ya picha na chini ya maandishi. Marembo madogo madogo ni bora kuliko makubwa.

Na marembo yatoke wapi? Kwenye intaneti yamejaa, hata miti ya theluji ya Ulaya, ambayo haimwambii mtoto wa Dagoretti lolote. Yule nyanya alikuwa bado ameweka leso ya binti yake. Wakaitundika ukutani, kivulini, ikanyooshwa, wakaipiga picha kwa simu iliyoshikwa wima sawasawa na kitambaa, bila taa ya simu. Ukurasa wa pili ulikuwa na pindo la leso ile ile aliyobebewa huyo mtoto mgongoni. Kitenge au kiondo pia kinafaa.

Jihadharini na ukubwa wa picha. Ukurasa wa A4 ukichapwa vizuri unahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani 2480 kwa 3508. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na ikichapwa hutoka na ukungu. Itumeni kama dokumenti, au mpeleke kwa flashi.

Mkishuka mjini kuchapa, tuseme River Road, ulizeni kwanza bei ya rangi, na mchapishe ukurasa mmoja wa kujaribu. Picha ya asili isiachwe dukani hata kwa saa moja! Iskaniwe mkiwa mmesimama hapo, mrudi nayo.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Ni kitambaa gani nyumbani kwako ambacho watoto wanakitambua bila kuambiwa ni cha nani?

Katika kikundi chetu, ni nani mwenye picha moja tu ya mtu wake, na nani atamsindikiza saibo wiki hii?