Kiboko asiyerudi majini

*Shangazi, nina miaka 44, mama wa watoto watatu, naishi Butimba, nauza dagaa. Naamka saa tisa usiku niwahi soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Nikirudi naandaa watoto waende shule, nampikia mama mkwe uji, kisha nakaa gengeni hadi giza liingie. Nimekopa mara mbili mikopo ya riba kali tunayoiita kausha damu, na kila Jumatatu ni marejesho. Miezi sita sasa usingizi unakatika, na simu ikiita tu moyo unadunda. Juzi nilipimwa presha nikaambiwa 158 kwa 98. Mume wangu ni fundi seremala, ana miaka 51, maisha yetu ni yale yale, lakini presha yake nzuri. Mdogo wangu yuko Marekani, muuguzi mwenye nyumba yake, ana miaka 39, naye ameanzishiwa vidonge. Mama mkwe anasema wanawake wa siku hizi ni wepesi, yeye alilea wajukuu watano bila kulalamika. Shangazi, ukoo wetu una damu mbovu, au mimi ni dhaifu?*
*Mama Watatu, Butimba*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale simu inapoita na moyo wako unadunda. Tuanzie hapo.

Wewe ni mtu wa ziwani, unajua ilivyo kukutana na kiboko jioni ametoka kula majani. Kabla hujawaza lolote, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni ya adrenalini, na nyuma yake kotisoli. Moyo unakimbia, mishipa inakaza, sukari inaingia kwenye damu ili miguu ipate nguvu ya kukuokoa. Kiboko akirudi majini, mwili unatulia. Marejesho ya Jumatatu ni kiboko asiyerudi majini. Jumanne yupo, usiku wa manane yupo, na simu ikiita ni yeye. Mwili ulioumbwa kukimbia kwa dakika chache unakimbia miaka.

Wataalamu wawili, Bruce McEwen na Eliot Stellar, waliupa uchakavu huu jina mwaka 1993: mzigo wa alostasisi. Maana yake ni gharama ambayo mwili unalipa kwa kukaa macho muda mrefu, na gharama hiyo hupimika katika presha, sukari, mafuta ya damu, figo na hata unene. Kwa hiyo swali la udhaifu liweke chini. Mwili wako umebeba sana, na sasa unatoa hesabu.

Nakuja kwa mdogo wako, kwa sababu ndiye anayekutia hofu ya damu mbovu. Mwaka 2006 Arline Geronimus na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima wa Marekani wa miaka 18 hadi 64, wakitumia vipimo 10 vya mwili. Weusi walikuwa na mzigo mkubwa kuliko weupe, na pengo lilipanuka kadiri umri ulivyosogea. Waliobeba zaidi ya wote walikuwa wanawake weusi, na hata wasio maskini miongoni mwao hawakusalimika. Nyumba nzuri ya mdogo wako haimkingi na kutazamwa kwa shaka dukani, wala na kulazimika kuthibitisha kila siku kazini kwamba anastahili kuwepo.

Na kama tatizo lingekuwa damu ya Kiafrika, lingetufuata popote kwa kiwango kimoja. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Miongoni mwa waliobaki Afrika, wenye presha ya juu walikuwa asilimia 16. Katika visiwa vya Karibea walikuwa 26, na Marekani 33. Asili ni moja, ila chakula, uzito na maisha yamebadilika. Mpigie mdogo wako umsomee hayo, kwani naye huenda anajilaumu huko aliko.

Mumeo sasa. Unasema maisha yenu ni yale yale. Chukua daftari unaloandikia madeni ya wateja, mgawe ukurasa katikati, muandike wewe na yeye mnafanya nini tangu saa tisa usiku hadi mnapolala. Simlaumu mtu nisiyemjua, na jasho la useremala si dogo. Lakini nyumba nyingi nilizoona, daftari hilo humshangaza baba mwenyewe. Maji, uji, sare za shule, homa ya mtoto na deni vyote vinakaa upande mmoja. Tena mwambie asijisahau: kwa kawaida wanaume ndio huanza kupata presha mapema, na wanawake hupanda kwa kasi hedhi inapokaribia kukoma na baada ya hapo. Wewe unaukaribia umri huo. Naye apime kila mwaka.

Haya ya kufanya. Kipimo kimoja hakitoshi kusema una maradhi, hasa kama ulipimwa ukiwa umetoka mbio. Presha huhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti. Nenda hospitali ya Nyamagana hapo hapo Butimba, ukae kimya dakika tano kwanza, ndipo upimwe, na uombe waangalie sukari na figo. Ukipewa vidonge, usiviache kwa kuwa umejisikia vizuri. Presha hukaa kimya huku inaharibu. Usinywe vya jirani. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye dagaa waliotiwa chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai. Kifua kikibana, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, usingoje kesho.

Kidonge kitashusha presha, ila hakitalipa deni. Mkopo wa tatu wa kulipa wa pili usiuchukue. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, kwa hiyo omba uione, na mkataba usomewe na mtu unayemwamini. Kisha muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati yake ni ya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Inapitia vikundi, kwa hiyo anza na wenzako wa gengeni.

Nimemweka mama mkwe mwisho kwa heshima. Wajukuu watano huenda hawakuja kwake kwa bahati. Ukanda wetu wa ziwa ndiko UKIMWI ulikotangulia. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na bibi wengi walizika watoto wao kisha wakaanza ulezi upya. Kama hayo ndiyo yaliyompata, anaposema hakulalamika anasema pia kwamba hakukuwa na wa kumlalamikia. Asubuhi moja ukimpelekea uji, usiondoke haraka. Kaa, muulize miaka ile ilikuwaje, umsikilize hadi bakuli liishe.

Halafu muulize jambo moja zaidi: mara ya mwisho alipimwa presha lini? Siku ya kwenda hospitali nendeni wote wawili. Mkae benchi moja, anyooshe mkono wake kwanza, kisha wewe wa kwako.

*Shangazi*