Mvua Moja ya Tunduma

Wako wadhanio ya kuwa kila nchi iliyo karibu na Ikweta hupata mvua mbili kwa mwaka, kama Bukoba. Sivyo. Mvua hulifuata jua. Tunduma i kusini ya Ikweta yapata digrii 9, nalo jua hupita juu ya utosi wetu Oktoba, na tena Februari likirudi kaskazini. Nyakati hizo zimekaribiana, hata mvua zake huungana kuwa moja, tangu Novemba hata Aprili. Basi akosaye kupanda mahindi mwanzoni asitumainie mvua ya pili; haiko.

Na baridi ya Juni, je? Jua li mbali, tena nchi yetu imeinuka. Kila upandapo mita 1,000 joto hupungua yapata digrii 6. Mtu ashukaye Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa, huvua koti lake. Kahawa ameiacha Mbozi, naye hukuta mpunga.